Namna ya Kutenganisha Kanuni za Maadili na Kanuni Nyingine za Mwenendo

Kanuni zinazoongoza mwenendo wa binadamu ni nyingi na humfikia zikiwa zimechanganyika. Katika siku moja ya kawaida mtu hutii sheria za barabarani, taratibu za ofisi, adabu za mazungumzo, masharti ya dini yake, miiko ya taaluma yake na dhamiri yake mwenyewe, bila kusimama kuuliza ipi ni ipi. Mara nyingi hakuna haja ya kuuliza. Haja huja pale kamati ya nidhamu inapotakiwa kuamua kama kosa lililo mbele yake ni uovu au ni ukiukaji wa utaratibu tu, pale mzazi au mwalimu anapotafakari amkemee mtoto kwa uzito gani, au pale mtu anapoamriwa na mkubwa wake kutenda jambo ambalo kanuni zote zilizoandikwa zinaliruhusu lakini nafsi yake inalikataa. Mwongozo huu umekusudiwa kwa nyakati kama hizo.

Msimamo utakaofuatwa hapa ni kwamba kanuni huwa ya kimaadili kutokana na sababu inayoibeba, wala haijalishi imetangazwa na nani au adhabu yake ni kali kiasi gani. Faida ya msimamo huu katika utendaji ni kwamba unatuwezesha kuichunguza kanuni yoyote, iwe imeandikwa katika katiba ya nchi au imebandikwa mlangoni mwa maktaba, kwa maswali yaleyale.

Andika kanuni, kisha andika sababu yake

Hatua ya kwanza ni ya kalamu na karatasi. Iandike kanuni unayoichunguza katika sentensi moja inayosema nani anatakiwa kutenda au kuacha nini, kisha chini yake andika sababu ya kuwapo kwake. Usikubali majibu kama "ndiyo utaratibu" au "ndivyo tulivyoikuta", kwa kuwa hayo yanaeleza kanuni ilikotoka na hayasemi inalinda nini. Ukishindwa kupata sababu yoyote hata baada ya kuwauliza wanaoisimamia, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba pengine unashughulika na mazoea.

Chukua kanuni inayowakataza wafanyakazi kuchelewa. Ukiuliza sababu utapewa zaidi ya moja: mkataba umetaja saa ya kuripoti, uongozi unataka idara ionekane ina nidhamu, na mwenzako wa zamu iliyotangulia hawezi kuondoka mpaka ufike, hata kama amechoka au ana mgonjwa nyumbani. Sababu ya kwanza ni ya kimkataba, ya pili ni ya kiutawala, na ya tatu inagusa maslahi ya mtu aliyekutegemea. Kitendo ni kimoja lakini kinaangukia chini ya kanuni za aina tatu. Ndiyo maana kazi ya kupambanua hufanywa juu ya sababu, na anayejaribu kuvipanga vitendo vyenyewe, hiki cha maadili na kile cha utaratibu, hukwama mapema. Mfanyakazi aliyechelewa siku ambayo hakuna aliyekuwa akimsubiri hakutenda kosa la uzito uleule na yule aliyemwacha mwenzake akikesha, ingawa daftari la mahudhurio litawaandika sawa.

Uliza kama kanuni inaweza kufutwa kwa uamuzi

Mwaka 1961 mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, H. L. A. Hart, alitaja sifa nne zinazozitenga kanuni za maadili na za kisheria pamoja na kanuni nyingine za kijamii: uzito unaopewa, kutobadilika kwa uamuzi wa makusudi, lawama kutegemea hiari ya mtendaji, na aina ya shinikizo linalotumika ili kanuni ifuatwe. Zote zina matumizi, lakini ya pili ndiyo yenye makali zaidi, nami nashauri itangulie nyingine.

Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Fikiria kwamba wenye mamlaka juu ya kanuni hiyo wameketi leo wakaifuta kihalali. Je, kitendo kilichokatazwa jana kimekuwa sawa leo, bila kubaki na ubaya wowote? Katika mpira wa miguu, kanuni ya kuotea ilimtaka mshambuliaji awe na wapinzani wasiopungua watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 idadi hiyo ikapunguzwa hadi wawili, na magoli ambayo yangekataliwa msimu uliotangulia yakaanza kuhesabiwa. Nchini Sweden, alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, magari yote yalihama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia kwa amri ya serikali. Jambo lililokuwa wajibu jioni likawa kosa asubuhi, na hakuna aliyelazimika kuibadili imani yake juu ya jema na baya. Sasa jaribu vivyo hivyo kwa kanuni inayokataza kumlaghai mgonjwa asiyejiweza ili kumpora mali yake. Bunge linaweza kuifuta sheria inayoadhibu ulaghai huo, chama cha taaluma kinaweza kuunyamazia, jirani wanaweza kuacha kuusema. Mgonjwa atakuwa ameporwa vilevile, na aliyempora atakuwa amemdhulumu vilevile.

Tofauti hii si ya wanafalsafa peke yao. Kuanzia miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Elliot Turiel na wenzake waliwahoji watoto kwa swali linalofanana na jaribio letu: ikiwa mwalimu ameruhusu, je, ni sawa kumpiga mwenzako? Watoto wadogo, hata wa miaka mitatu au minne, walielekea kusema kwamba kumpiga mwenzao kunabaki kuwa vibaya hata kama mwalimu ameruhusu, kwa sababu kunamuumiza, ilhali mambo kama mavazi au mahali pa kukaa waliyaona yanategemea kauli ya mwalimu. Mzazi anayejibu kila "kwa nini" ya mtoto kwa "kwa sababu nimesema" anapoteza nafasi nzuri, kwani anazichanganya aina mbili za kanuni ambazo mtoto mwenyewe ameshaanza kuzitenga.

Jaribio hili lina mitego miwili inayostahili uangalifu. Wa kwanza ni pingamizi linalotolewa mara nyingi, kwamba maadili nayo hubadilika: utumwa ulikuwa halali na ukaheshimiwa kwa karne nyingi, leo unalaaniwa, basi kuna tofauti gani na kuotea? Tofauti iko katika jinsi tunavyowatazama waliotangulia. Hakuna anayesema kwamba Waswidi walioendesha kushoto tarehe 2 Septemba walikuwa wakikosea. Kanuni ya siku ile ilikuwa ile. Lakini tunaposema utumwa ni uovu, tunasema ulikuwa uovu hata siku zile ambazo sheria iliulinda, na waliouuza utu wa wenzao walikosea hata kama hawakuvunja sheria yoyote. Kilichobadilika ni utambuzi wa watu, nao ulibadilika kwa hoja na mapambano ya muda mrefu. Hakuna tarehe ambayo baraza fulani liliketi na kuugeuza wema kuwa ubaya.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi. Kanuni ya mapatano tu, ikishawekwa na watu wakaanza kuitegemea, hubeba uzito wa kimaadili wa kuazima. Upande wa kuendeshea gari ni suala la makubaliano, lakini dereva aliyeamua kuendesha kushoto nchini Sweden wiki iliyofuata alikuwa anahatarisha maisha ya watu, na hilo ni kosa la kimaadili kwelikweli. Vivyo hivyo kwa foleni, ratiba za mikutano na mgawanyo wa zamu: hakuna maadili yanayodai foleni ianzie mlango huu badala ya ule, ila anayeipita anawanyang'anya waliotangulia kile walichokingojea. Ukikutana na kanuni ya namna hii, andika mambo mawili kwa kutenganisha, yaani sehemu iliyochaguliwa ambayo ingeweza kuwa vingine, na wajibu wa kutowadhuru wanaoitegemea. Sehemu ya kwanza inaweza kufutwa kwa kikao. Ya pili haifutiki, ila inahama na kuifuata kanuni mpya.

Uliza kanuni inamfunga nani

Kanuni za mchezo humfunga anayecheza, kanuni za chama humfunga mwanachama, na itifaki ya mapokezi ya viongozi humfunga aliyealikwa. Anayejitoa katika mchezo au chama amejitoa pia katika kanuni zake. Kanuni ya maadili haina mlango wa kutokea wa namna hiyo. Mtu hawezi kusema kwamba yeye hakujisajili katika wajibu wa kutoua. Kwa hiyo uliza: je, mtu anaweza kuepuka wajibu huu kwa kutangaza tu kwamba hapendi shughuli ambayo wajibu huu ni sehemu yake?

Hata hivyo usilitegemee swali hili peke yake. Mwaka 1972 mwanafalsafa Philippa Foot alionyesha kwamba kanuni za adabu nazo husemwa bila masharti: tunamwambia mtu kwamba haifai kujibu mwaliko kwa namna fulani, wala hatuiondoi kauli hiyo akisema kwamba hajali adabu. Namna ya kusema, basi, haitoshi kuonyesha kwamba jambo ni la kimaadili. Linalosaidia zaidi ni kumweka kila mhusika katika nafasi ya mwenzake na kuuliza kama sababu iliyotolewa bado ingekubalika kwake. Meneja anayesema wafanyakazi wa chini hawapaswi kuambiwa ukweli kuhusu hatari za mitambo, kwa sababu watafanya kazi polepole, aulizwe kama angeikubali sababu hiyo iwapo yeye ndiye angesimama mbele ya mtambo.

Angalia udhuru na shinikizo

Sifa mbili za mwisho za Hart zinaweza kupitiwa kwa haraka. Sheria nyingine humwadhibu mtu hata kama hakukusudia wala hakujua, kwa mfano muuzaji aliyeuza chakula kilichoharibika bila kufahamu, kwa kuwa shabaha yake ni kuulinda umma. Katika maadili, anayethibitisha kwamba alichukua tahadhari zote zilizowezekana na bado hakuweza kuzuia jambo lile amejiondolea lawama, ingawa anaweza kubaki na majonzi. Adabu ni kali kwa namna yake: aliyekosea jina la mwenyeji huona aibu hata kama kosa lilikuwa bahati mbaya. Kuhusu shinikizo, anayetetea sheria hukumbusha faini au kifungo, na anayetetea maadili humkumbusha mtu ubaya wa tendo lenyewe akitarajia dhamiri yake iitike. Ikiwa hoja pekee unayoweza kuitoa kwa ajili ya kanuni ni "utakamatwa", huenda hujaipata sababu yake ya kimaadili, au hainayo.

Kanuni za busara, kama kuweka akiba na kulala mapema, hazihitaji maelezo marefu. Anayezivunja hujidhuru mwenyewe kwanza, nazo huingia katika maadili pale tu watu wengine, kama watoto wanaomtegemea, wanapoumia naye.

Usiipime kwa sheria

Makosa mengi ya kupambanua hutokea katika sheria, kwa sababu sheria na maadili hukutana mahali pengi na watu hudhani ni kitu kimoja. Mauaji yanakatazwa na vyote viwili. Ukubwa wa karatasi ya kuandikia maombi ya mahakama unatajwa na kanuni za mahakama, na maadili hayana neno. Katika uokoaji hali ni ya kuvutia zaidi, kwani mataifa yenyewe yanatofautiana: nchini Ufaransa, kifungu cha 223-6 cha sheria ya makosa ya jinai kinamwadhibu anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini ilhali angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, adhabu ya kawaida ikifika kifungo cha miaka 5 na faini ya yuro 75,000, ilhali katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, mpita njia asiye na uhusiano wowote na anayezama hana wajibu wa jumla wa kisheria wa kumwokoa. Ukiuliza watu wa pande zote mbili kuhusu mtu aliyemtazama mtoto akizama katika maji ya magotini, hukumu yao juu yake itakaribiana sana. Mpaka wa nchi umebadilisha adhabu na kuiacha lawama palepale.

Tena kuna sheria iliyoamuru ubaya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1850 kuhusu watumwa waliotoroka ilimtishia anayewasaidia kwa faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Waliowaficha watoro walikuwa wavunja sheria, na leo ni vigumu kumpata mtu wa kuwaita waovu. Upande wa pili, mkataba wa mwaka 1945 ulioanzisha mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Wanazi wa Ujerumani, ulisema wazi kwamba mshtakiwa hasalimiki kwa kudai alitii amri ya serikali au ya mkubwa wake, ingawa amri hiyo ingeweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu. Kwa matumizi ya kila siku fundisho ni dogo na la wazi: ukishathibitisha kwamba jambo ni halali kisheria, umejibu swali moja, na lile la maadili bado linakungoja.

Soma kanuni za taaluma kifungu kwa kifungu

Taaluma nyingi huziita kanuni zake zote kanuni za maadili, na msomaji akakubali bila kuchuja. Ndani ya waraka mmoja utakuta wajibu wa kutunza siri za mteja, katazo la kupokea rushwa, mtindo wa kuandika jina kwenye kibao na tarehe ya kulipa ada. Mfano mzuri unatoka katika uwakili. Kwa muda mrefu mawakili wa Marekani walikatazwa kujitangaza, na aliyejitangaza alihesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka jimbo la Arizona, iliamua kwamba katazo la jumla la namna ile linakiuka uhuru wa kujieleza. Matangazo yakaruhusiwa, na taaluma ikaendelea. Jiulize kama mahakama ile ingeweza vilevile kuufanya usaliti wa siri za mteja kuwa jambo lisilo na ubaya, nawe utaona ni kifungu kipi kilikuwa cha heshima ya kazi na kipi kilisimama juu ya uaminifu.

Kwa hiyo chukua waraka wa taaluma yako na upitie kila kifungu ukiandika pembeni ni nani ataumia kikivunjwa na ataumiaje. Vile vya ada na vibao vitabaki bila jina pembeni yake, navyo havipotezi umuhimu wake kwa hilo. Vinapaswa tu kusimamiwa kama taratibu, kwa adhabu za taratibu.

Kuwa mwangalifu na dini na desturi

Swali la nani ataumia lina mpaka wake, na ni haki kuutaja. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia wa Marekani Richard Shweder na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha wakazi wa Bhubaneswar nchini India na wa Chicago nchini Marekani. Jambo kama mjane kula samaki, ambalo kwa Wamarekani lilikuwa hiari ya mtu, wahojiwa wengi wa India waliliona kuwa kosa zito la kimaadili. Wengi walilichukua hili kama uthibitisho kwamba mstari kati ya maadili na desturi ni wa utamaduni fulani tu. Turiel na wenzake walijibu kwamba anayeamini kuwa tendo lile linaidhuru roho ya marehemu anafikiri kuhusu madhara kama mtu mwingine yeyote, ila anaanza na imani tofauti juu ya mambo yalivyo. Kwa maoni yangu jibu hili lina nguvu, ingawa halimalizi kila kisa. Wapo watu wanaosema jambo fulani ni uovu bila kudai kwamba limemdhuru yeyote.

Katika utendaji, usiiweke kanuni ya watu wengine katika fungu la desturi kabla hujawauliza wao wanaamini nini kinatokea ikivunjwa. Kuhusu dini, mara nyingi wenye imani wenyewe wameshachora mstari. Masharti ya ibada, kama siku za kufunga au namna ya kujitakasa, huwahusu waumini, na mgonjwa huweza kupewa ruhusa. Katazo la dhuluma na uongo huhubiriwa kuwa linamhusu kila binadamu. Muumini anayesema kwamba yote mawili ni amri ya Mungu hajipingi, kwa kuwa chanzo kimoja kinaweza kutoa kanuni za aina mbili.

Kanuni zinapochanganyika katika kisa kimoja

Adabu ndiyo huchanganya zaidi. Namna ya kuonyesha heshima, kwa salamu, kwa mpangilio wa viti au kwa cheo kinachotajwa kabla ya jina, ni suala la makubaliano, na mgeni asiyeijua hana hatia. Dharau ni jambo jingine: anayeijua namna hiyo na kuiacha makusudi ili kumfedhehesha mtu mbele ya watu ametumia kanuni ya adabu kutenda kosa la kimaadili. Kamati inayosikiliza kisa kama hiki ithibitishe kwanza kwamba mhusika aliifahamu kanuni, kisha alikusudia nini. Bila mambo hayo mawili, kilichobaki ni kosa la adabu, na kumrekebisha faragha kunatosha.

Unapoandika uamuzi, toa matokeo mawili yaliyotenganishwa. Aya moja iseme ni utaratibu gani ulivunjwa, kifungu kipi, na adhabu iliyopangwa. Nyingine iseme ni nani aliyetendewa vibaya, kwa namna gani, na kama mtendaji alijua. Mara nyingine aya ya pili itabaki tupu, na hapo maneno kama "uovu" na "kukosa maadili" yaondolewe katika barua, kwa maana yanamwandama mtu muda mrefu kuliko onyo lenyewe. Mara nyingine aya ya kwanza ndiyo itakayobaki tupu: mtu amemdhulumu mwenzake bila kuvunja kifungu chochote. Kamati haina mamlaka ya kumwadhibu kwa kifungu kisichokuwapo. Inaweza kulitaja kosa kwa jina lake, kumtaka amtake radhi aliyemkosea na amrudishie alichokipoteza, kisha ikapendekeza kifungu kipya kiandikwe kwa ajili ya visa vitakavyofuata.